Waliokuwa Wakitwanga Mtoni

Mlango wa jiko langu una kiburi. Haukubali kubaki wazi mpaka uwekewe kipande kimoja cha tofali. Jiwe haulitaki, gogo haulitaki, unataka tofali hilohilo. Mvua ikililowesha, hutoa harufu ya udongo ulioiva nusu, harufu iliyo katikati ya chungu kipya na vumbi la njia ya ng'ombe, na hapo hapo mimi narudi darasa la sita, magoti yamejaa matope.

Mvua za kwanza za msimu huu zilimkuta Neema kwangu. Neema ni binti wa kaka yangu, anasoma mambo ya miamba chuoni Dodoma, na amekuja likizo na kompyuta yake, chaja yake na hamu ya kula mlenda. Asubuhi alitoka jikoni na sufuria ya uji, akajikwaa juu ya tofali langu. Uji ulisalimika. Kidole gumba cha mguu hakikusalimika.

"Shangazi, hili tofali bovu la nini? Lina tundu katikati. Ngoja nilitupe."

"Ukilitupa, jitupe na wewe hukohuko."

Akacheka, akidhani natania. Nilikuwa natania nusu tu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu kidogo. Wale tuliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika, huyu Arusha, yule Mwanza, mwingine sijui yuko nchi gani inakonyesha barafu. Mimi nilirudi hapa Mungaa, nikalima alizeti, nikafuga kuku, na safari ndefu ninayoipenda ni ile ya kutoka jikoni hadi kwenye banda lao. Nikienda Singida mjini narudi siku hiyohiyo, kuku wasije wakanisahau. Watu huniuliza kama nilikosa pa kwenda. Nawaambia hapana. Kukaa hapa sikupewa bure. Nilipigania kubaki, mbele ya wazazi wa kijiji kizima, nikiwa na lile tofali.

Chini ya kijiji chetu kuna mto ambao ni mto kwa miezi michache. Kiangazi unageuka barabara ya mchanga, na akina mama huchimba visima ndani yake na kuteka maji kwa kibuyu, taratibu. Ila kuna mahali mchanga unakoma, na mto unapita juu ya mwamba mtupu. Mwamba ule una matundu ya mviringo, mengine yanatosha mtoto kusimama ndani, na ndani ni laini kama kinu kilichotumiwa na vizazi. Katika kila tundu utakuta mawe mawili matatu yaliyoviringika kama mayai ya kanga.

Mvua ikinyesha huko juu, mto ulikuja kwa kishindo, na chini ya ule mngurumo kulikuwa na sauti nyingine: du, du, du. Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alikuwa akiinua uso kutoka kwenye jiwe lake la kusagia uwele na kusema, "Sikilizeni. Wanatwanga."

"Nani, bibi?"

"Wenye mto."

Mtoto mwingine angeuliza zaidi. Mimi niliona maelezo yamejitosheleza. Mtoni kuna watu. Yale matundu ni vinu vyao, yale mawe ni michi yao, na wana uwele mwingi usioisha. Nataka nieleweke vizuri: sikuogopa kuzamishwa. Niliogopa kupewa mchi. Kutwanga kwa nyumbani peke yake kulikuwa kumenishinda. Sasa nichukuliwe nikatwangie watu nisiowajua, chini ya maji, bila hata siku ya kupumzika?

Basi sikuwa naenda mtoni. Wasichana wenzangu wakiita njoo tukateke maji, mimi nilikuwa na tumbo. Tumbo likizoeleka, nilikuwa na mwiba. Mwiba ukitafutwa usipatikane, nilikuwa namsubiri kuku fulani atage, maana bila mimi hatagi. Nikawa mtoto wa uani, mjuzi wa moto, wa majivu, wa kufagia, na wa kukaa karibu na bibi anaposaga. Baba alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa.

"Huyu mtoto," alisema, "kazi yake ni kuilinda nyumba isitoroke."

Utani ule ulikaa vizuri mpaka siku aliposema bila kucheka kwamba baada ya mavuno nitapelekwa Kinampanda, kwa shangazi. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke mrefu, mwenye mbuzi wengi na huruma chache. Ilisemekana kwake watoto huamka kabla ya jogoo, na jogoo akichelewa huulizwa sababu. "Akakae na watu," baba alisema. "Hapa ataota mizizi." Nilijificha nyuma ya ghala la bibi nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Kuota mizizi ndicho kitu nilichokuwa nakitaka.

Ilikuwa katika majuma hayohayo Mwalimu Elia, aliyetufundisha sayansi, aliposimama mbele ya darasa na kusema kwamba mto hukata mwamba. Shabani, jirani yetu wa nyumba ya pili, kijana aliyekuwa na jibu kabla ya swali, akaitikia, "Ndiyo, mwalimu, maji yana nguvu sana." Sijui nini kilinisukuma. Mimi ambaye hata jina langu nilikuwa nalijibu kwa kunong'ona, nilisimama.

"Si maji, mwalimu. Mama yangu anafua kila siku, mbona maji hayajamkata mikono? Mtoni kuna wenyewe. Wanatwanga. Tunawasikia."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Shabani alipiga dawati mpaka wino ukamwagika. "Mke wa wenye mto!" alipiga kelele, na jina likanishika hapo hapo kama kupe. Nilikaa chini nikitamani sakafu initobokee.

Mwalimu Elia hakucheka. Alingoja wachoke. Kisha akasema, "Amesikia kitu. Nyinyi mnaocheka mmesikia nini?" Akaenda nyuma ya darasa, kwenye rundo la matofali ya shule yaliyotoka tanuruni hayajaiva vizuri, akatugawia vipande. Huu ndio mwamba wenu, alisema. Kila mmoja, au kundi, atengeneze mto nyumbani kwake na kuupitisha juu ya mwamba huo. Chuma hakiruhusiwi. Kijiti hakiruhusiwi. Maji tu, na kile ambacho mto hubeba. Siku ya wazazi tutaona tofali la nani limeliwa zaidi, na mwenyewe atatuambia kwa nini.

Shabani alipata kundi la wavulana sita. Mimi nilipata bibi.

Jioni hiyo bibi alizungumza na mwanawe. Nilikuwa jikoni, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Mwache kwanza amalize mto wake," alisema.

"Mto gani, mama? Huyu hata kisimani haendi."

"Ndiyo sababu anatengeneza wa kwake."

Baba akaniita. Alisema akili yake ni hii: kama mto wangu utawashinda wengine siku ya wazazi, na nikasimama mbele ya watu nikaeleza bila kujificha nyuma ya mtu, basi ataamini kwamba kukaa nyumbani nako kuna kitu, na nitabaki. Nisiposhinda, shangazi atakuwepo siku hiyo, na nitaondoka naye.

Nilianza kazi asubuhi. Debe lililotoboka kitako nililiweka juu ya ukuta wa banda. Kipande cha bati nilikikunja kama mfereji, kikashuka kutoka kwenye debe mpaka kwenye tofali. Tofali nililipandisha juu ya mawe mawili, na chini yake nikatega karai. Lilikuwa na alama ya kidole cha aliyelifyatua, kishimo kidogo tu, na hapo ndipo nilielekeza maji yaangukie. Nikamimina.

Mama alitokea na kupiga kelele kama aliyeona nyoka. "Maji ya kunywa unaogeshea tofali?" Alikuwa na haki; alikuwa ameyabeba kichwani. Tukapatana: nipate ndoo moja tu, ile ile, mpaka siku ya wazazi. Basi maji yakishuka karaini, nayarudisha juu kwenye debe, yashuke tena. Nilimimina mpaka mabega yakauma. Siku zikaenda. Unajua nilipata nini? Tofali safi. Hapakuwa na tofali safi kama lile Mungaa nzima. Ungeweza kulipeleka kanisani.

"Wenyewe hawapo," nilimwambia bibi, nikiwa karibu kulia. "Kuna maji tu. Hakuna anayetwanga."

Bibi hakuinua kichwa. "Mtoni kuna maji tu?"

Kulikuwa na mchanga. Nilijua. Lakini mchanga ulikuwa mtoni, na mtoni kulikuwa na waajiri wangu. Nilitafakari kwa muda mrefu, nikilinganisha wenye mto na shangazi, na nakiri shangazi alikuwa wa kutisha zaidi. Nikachukua kikombe, nikashuka hadi kwenye kivuko, pale mchanga unapoanza, nikachota mara moja bila kutazama kulia wala kushoto, nikakimbia. Nusu ya mchanga ilimwagika njiani. Uvivu na woga vilinizuia kurudi kuongeza. Nilikuwa na konzi moja ya mchanga na changarawe chache, basi.

Nikaumwaga ndani ya debe. Maji yakashuka na mchanga, mchanga ukagonga kishimo, ukaingia karaini, nikarudisha juu. Karai la kwanza, maji yalikuwa na wekundu kidogo. Nilidhani nimejikata. Nikatazama mikono: haina kitu. Nikachovya kidole kwenye kishimo. Kulikuwa na mparuzo mpya, na unga mwekundu kwenye ncha ya kidole, laini kama unga wa bibi.

Kufikia mwisho wa juma kishimo kilikuwa kimekuwa kikombe. Kisha siku moja changarawe moja ilianguka ndani na kukwama. Haikutoka. Maji yaliizungusha, ikawa inazunguka na kujigonga ukutani, na nilipoinamisha sikio nikasikia sauti ndogo, ya mbali, kama ya mtu anayetwanga nyumba ya kumi: du, du, du.

Nilipiga ukelele kuku wakaruka. "Bibi! Bibi, wanatwanga!"

Alikuja akifuta mikono kwenye kanga. "Nani?"

"Mawe! Mawe ndiyo wenyewe! Maji yanayabeba, yanatwanga mwamba!"

Bibi aliinama polepole, akaweka sikio lake karibu na langu. Tulibaki hivyo, vichwa viwili juu ya tofali moja. Kisha akasema, "Nilikuambia wanatwanga. Sikukuambia wanakula watoto." Akarudi kwenye jiwe lake.

Furaha ile ilinipa kichaa. Kesho yake nilichukua ndoo na kushuka mtoni peke yangu, mchana kweupe, si kwenye kivuko, kwenye mwamba wenyewe. Lakini heshima ni heshima. Kabla ya kukanyaga nilisimama nikasema kwa sauti, "Shikamooni." Hakuna aliyeitikia marahaba. Nikaingia. Nikashuka ndani ya tundu moja kubwa, nikapapasa kuta zake, laini, baridi, na nikashika mchi wao mmoja kwa mikono miwili. Lilikuwa jiwe. Jiwe tu, zito, zuri. Nilicheka peke yangu ndani ya kinu cha watu mpaka mwangwi ukacheka nami. Nilijaza ndoo mchanga, nikapanda nayo nyumbani kichwani, mtoto wa uani aliyetoka mtoni, na wasichana waliokuwa kisimani walinitazama kama aliyefufuka.

Mchanga wote niliumwaga kwenye mto wangu. Kama konzi moja imechimba kikombe, nilijiambia, ndoo itachimba hadi Dodoma.

Haikuchimba kitu. Mchanga ulijaa kwenye mfereji, ukalifunika tofali, ukalala. Maji yalipita juu yake kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikafukua nikatazama: kikombe kilikuwa kilekile. Hapakuwa na wekundu, wala du. Na siku ya wazazi ilikuwa imekaribia.

Nililia uani, sasa bila kujificha. Bibi alikuwa anasaga. Aliniita nimsaidie, nami kwa hasira nikarundika uwele juu ya jiwe, konzi juu ya konzi, nikaanza kusukuma jiwe la mkononi. Likawa linateleza juu ya punje, kule na huku, bila kusaga.

"Umejaza jiwe," bibi alisema, kama alivyoniambia tangu nilipoanza kushika jiwe lile. "Mara ngapi? Uwele ukizidi, mawe hayakutani. Weka kidogo, yasikiane."

Mikono yangu ilisimama juu ya jiwe. Nikamtazama. Nikatazama tofali langu lililolala chini ya blanketi la mchanga. Sikumaliza hata kuaga. Nilikimbia, nikaondoa mchanga, nikabakiza konzi moja na zile changarawe chache. Nikamimina. Wekundu ukarudi. Bibi alisaga uwele ule peke yake na kuninung'unikia mpaka jioni, na lilikuwa nung'uniko tamu kuliko yote niliyowahi kusikia.

Siku ya wazazi, madawati yalipangwa nje ya darasa. Shangazi alikuja na begi. Lilikuwa tupu, la nguo zangu. Aliliweka miguuni kwake, na mimi nikawa nalitazama kila nikipumua.

Shabani na wenzake walileta mto wao kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ulikuwa na mchanga wa kujengea nyumba. Alisimama, akakohoa kama diwani, akasema mto wao ndio wenye nguvu kuliko yote kwa sababu una mchanga mwingi kuliko yote. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Elia akazamisha mkono kwenye mchanga, akatafuta, akatafuta, akalitoa tofali. Lilikuwa zima, kona zake kali kama siku ya kwanza.

"Hili limelala vizuri," alisema. Shabani akamtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyelilaza.

Zamu yangu ilipofika miguu ilikataa. Nilitazama begi. Miguu ikakubali. Niliweka tofali langu juu ya mawe yake, na kikombe kilikuwa kirefu hata kidole changu cha kati kilizama, lakini halikuwa limetoboka. Nilimimina. Maji yakashuka, changarawe ikazunguka, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza, walisikia. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Ah! Hiyo ni sauti ya mtoni." Nikarudisha maji juu. Nikamimina tena, na tena. Baba alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani.

Kisha tone moja likatoka chini ya tofali. Likaning'inia, jekundu. Likaanguka karaini, na likafuatwa na lingine.

"Limevuja!" mtoto mmoja alipiga kelele. "Limetoboka!"

"Ametumia msumari!" Shabani alisema. "Mwalimu, mchanga kidogo vile hautoboi. Ametumia msumari huyo!"

Shangazi aliinuka. Sijamsahau alivyokuja, mrefu, bila haraka, akalichukua tofali, akaingiza kidole kwenye tundu na kukizungusha. Akanusa. "Msumari hukwaruza," alisema. "Humu ni laini kama ndani ya kinu." Akanigeukia. "Mchanga kidogo umeshindaje mchanga mwingi? Sema. Watu wanakungoja."

Nikasema. Sauti ilianza ndogo, ikakua njiani. Nilisema maji peke yake huosha tu, hayakati. Kinachotwanga ni mchanga na mawe, maji yanayainua na kuyapiga chini. Mchanga usipokuwepo, hakuna mchi. Lakini mchanga ukizidi, unalala juu ya mwamba, na anayefunikwa hapigwi. "Ni kama jiwe la kusagia," nilisema. "Shabani amejaza jiwe."

Nilisikia kwanza kicheko cha bibi. Halafu akina mama wote, maana hakuna hata mmoja pale ambaye hakuwahi kugombezwa kwa kujaza jiwe, na vigelegele vikapanda mpaka mbuzi wa shule wakakata kamba. Mmoja alimwita Shabani, "Baba, njoo nyumbani nikufundishe kusaga!" Hata Shabani alicheka mwishoni, ingawa alianza kwa kununa.

Baba alipita katikati ya watu. Aliniwekea mkono kichwani na kumwambia dada yake, "Basi atabaki."

"Nani alikuambia namtaka?" shangazi akajibu. "Atanitobolea nyumba." Akachukua begi lake tupu, akatia humo kuku wawili aliopewa na bibi, akarudi Kinampanda. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nateka maji mtoni kila jioni, na kila nikifika kwenye mwamba niliamkia. Wenzangu nao wakaanza kuamkia. Huwezi kujua.

Haya yote nilimsimulia Neema akiwa amefunga kidole chake kitambaa. Aliposikia mwisho aliruka, akasahau kidole, akaleta kompyuta. Akanionyesha mto. Ulikuwa mto wa namba: mteremko kiasi gani, maji kiasi gani, mwamba mgumu kiasi gani, mchanga kiasi gani. Akabonyeza, na miaka ikaanza kupita mbele yetu kama kuku wanaokimbilia chakula, na mwamba pale kwenye kioo ukashuka, ukachimbika, ukafanya korongo. Akapunguza mchanga mpaka ukaisha: mwamba ukakaa. Akaujaza: mwamba ukakaa. Akaurudisha katikati, na mto ukashika kazi. Alinieleza kwa nini, kwa utulivu, akichora kwa kidole, na kuna mambo mengi aliyojua ambayo mimi sikuwahi hata kuyauliza. Nilimtazama binti wa kaka yangu na kifua kikanijaa.

"Shangazi, hii ndiyo kazi yangu ya mwaka wa mwisho," alisema. "Na wewe ulikuwa nayo mlangoni!"

"Bibi yangu angekueleza hivyohivyo. Ila angekugombeza kwanza."

"Lazima uje Dodoma. Uje na tofali, uwasimulie wenzangu darasani."

"Waambie waje wao. Uji nitapika."

Alikuwa bado anacheka mvua ilipoongezeka huko juu, na mto ukaja. Tulisikia mngurumo kwanza. Neema akainuka, akavaa viatu, akanishika mkono. "Twende basi mpaka mwambani, shangazi. Tukawasikilize."

"Nenda wewe. Usisahau kuamkia."

Akatoka mbio. Nikalirudisha tofali mahali pake, mlango ukatii, nikavuta kigoda nikakaa pale mlangoni pangu. Chini ya ule mngurumo, wazi kabisa, nikasikia kutoka hapa nilipo: du, du, du.

"Marahaba," nilimjibu Neema kwa niaba yao, maana alikuwa ameshafika mwambani na kuamkia.